Mzazi, Mtafutie Mtoto Nafasi ya Kujifunza Sayansi na Teknolojia: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Ukitafuta kwenye intaneti masomo ya sayansi kwa watoto, utamwagiwa majibu: kambi za likizo, klabu za roboti, kozi za kuprogramu, maboksi ya majaribio, mashindano ya kimataifa, vyeti vyenye mihuri ya dhahabu. Wazazi wengi wakifika hapo huchoka na kuchagua tangazo lenye picha nzuri zaidi. Matangazo hayo yameandikwa yamvutie mzazi, kwa kuwa ndiye anayelipa. Mtoto huja kugundua baadaye kwamba kazi yake ni kukaa na kutazama.

Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote, shika maswali mawili na uyatumie kuchuja kila kitu utakachokutana nacho. La kwanza: hapa mtoto wangu atafanya nini kwa mikono yake mwenyewe? La pili: akikwama, nani atakuwa karibu wa kumsaidia afikiri, bila kumfanyia? Nafasi inayojibu yote mawili ifuatilie hata kama haina jina wala jengo la kifahari. Isiyojibu hata moja, ipite.

Hatua ya 1: Mchunguze mtoto kabla ya kuchungulia matangazo

Kumwandikisha mtoto klabu ya roboti kwa sababu roboti zinasifiwa ni sawa na kumnunulia viatu bila kumpima mguu. Chukua daftari dogo, na kwa wiki mbili hivi andika maswali anayoyauliza na vitu anavyovishika bila kuambiwa. Usimwulize “Unapenda sayansi?” Atajibu anachodhani unataka kusikia, au atakumbuka mtihani wa juzi.

Baada ya muda utaanza kuona mwelekeo. Kuna mtoto anayefungua kila kitu chenye skrubu. Kuna anayekusanya mawe, majani na wadudu na kuvipanga. Yupo anayependa mafumbo na hesabu za akilini, yupo anayebishana na sheria za mchezo na kutunga zake, na yupo anayeuliza “kwa nini” mpaka watu wazima wanaondoka. Wa kwanza atafurahia umeme na ufundi, wa pili baiolojia na mazingira, wa tatu hisabati na kompyuta, wa nne huenda akawa mbunifu mzuri wa michezo ya kompyuta. Huyo wa mwisho mpeleke mahali penye watu wavumilivu.

Tahadhari moja: mtoto anayecheza michezo ya simu saa tatu mfululizo si lazima awe anapenda teknolojia. Mwulize angebadilisha nini kwenye mchezo ule kama angepewa nafasi. Akianza kueleza kwa mikono na macho yanang'aa, hapo pana kitu. Akikujibu “sijui” na kurudi kucheza, basi anapenda kucheza, na hilo nalo si kosa.

Umri nao una sauti. Chini ya miaka 7, mchezo wa kumwaga maji, kujenga, kuchanganya rangi na kuuliza unatosha kabisa. Achana na yeyote anayekuuzia “kozi ya akili mnemba kwa watoto wa miaka 4”. Kuanzia miaka 8 hadi 12 anaweza kushika mradi mdogo na kuumaliza. Kuanzia 13 anahitaji jambo la kweli: tatizo lisilo na jibu nyuma ya kitabu, na mtu mzima anayeijua kazi yake.

Hatua ya 2: Anza nyumbani, wiki hii hii

Nafasi ya kwanza haina fomu wala ada. Mzazi asiyeikumbuka sayansi ya shuleni asirudi nyuma, kwa sababu hapa hatakiwi kufundisha. Anatakiwa akae chini na mtoto na kusema “hata mimi sijui, tujaribu”.

Mpe tochi inayotumia betri mbili zilizofuatana. Aifungue, atoe betri, aigeuze moja kichwa chini, aifunge na kuiwasha. Haiwaki. Usimwambie kwa nini. Mwache aizungushe, aangalie alama za kuongeza na kutoa, achore njia ambayo umeme unapita toka betri hadi taa na kurudi. Akikuambia kwamba betri zinasukumana kila moja upande wake, ameielewa saketi kuliko aliyekariri maana yake.

Kwa upande wa kompyuta huhitaji hata kompyuta. Kata vipande vitano vya karatasi ngumu. Chora nukta 16 kwenye cha kwanza, 8 kwenye cha pili, kisha 4, 2 na 1. Vipange mezani kwa mfuatano huo, cha 16 kikiwa kushoto. Mwambie mtoto akuonyeshe 9 kwa kufunua baadhi na kufunika vingine. Atafunua cha 8 na cha 1. Mpe 21, atahangaika kidogo, kisha atafunua 16, 4 na 1. Mwulize namba kubwa kuliko zote anayoweza kuionyesha (ni 31), na kama ipo namba chini ya hapo isiyowezekana. Wengi hubisha kwamba lazima ipo, wakaanza kuitafuta moja baada ya nyingine, na hawaipati. Mwisho aandike 1 kwa kila kipande kilicho wazi na 0 kwa kilichofunikwa: 9 inakuwa 01001. Hivyo ndivyo kompyuta inavyotunza namba. Zoezi hili ni moja kati ya mengi ya mkusanyiko wa CS Unplugged, uliotokana na Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, na unapatikana bure.

Ukiwa na darubini ya macho mawili, ya kawaida tu ya kutazamia ndege, itafute sayari ya Mshtarii (Jupiter) usiku inapoonekana. Programu ya bure ya Stellarium itakuonyesha ilipo. Egemeza mikono ukutani isitetemeke. Utaona vinukta vidogo vimejipanga pembeni mwake: ni miezi ile minne aliyoiona Galileo mwaka 1610. Mtoto avichore kila usiku kwa siku kadhaa, na aone jinsi vinavyohama. Lakini darubini isielekezwe kwenye jua kamwe, hata kwa sekunde moja. Inaweza kuharibu jicho moja kwa moja.

Na kwa yule anayependa kufungua vitu, weka mipaka mapema. Redio mbovu, saa ya ukutani, kibodi ya zamani: ruhusa, baada ya kuchomoa waya na kutoa betri. Oveni ya maikrowevu na televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa: marufuku, kwa kuwa ndani yake mna sehemu zinazoweza kuhifadhi umeme hatari hata baada ya kuchomolewa. Betri za simu zisitobolewe wala kukunjwa. Betri ndogo za duara, zile za saa na vidude vya kuchezea, zisikae karibu na watoto wadogo. Ikimezwa inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili, kwa hiyo ni safari ya hospitali papo hapo.

Hatua ya 3: Zungumza na mwalimu, ila uliza maswali yanayojibika

Ukimwuliza mwalimu “Mtoto wangu anaendeleaje?” utajibiwa “Anaendelea vizuri”, na mtaagana. Uliza hivi: Ni mada gani mwezi huu imemfanya anyooshe mkono? Shule ina klabu ya sayansi au ya kompyuta, na nani anaisimamia? Maabara hutumika mara ngapi, na watoto hushika vifaa au hutazama? Yapo mashindano ambayo shule ilipata barua ya mwaliko ikakosa mwanafunzi wa kupeleka?

Swali hilo la mwisho usilidharau. Mashindano mengi huwafikia watoto kupitia shule, na barua nyingi huishia kwenye droo kwa sababu hakuna mzazi wala mwalimu aliyezifuatilia. Mzazi anayesema “nitasaidia kusimamia” huwa jibu la maombi ya mtu.

Shule ikiwa haina klabu, wazazi watatu na mwalimu mmoja wanatosha kuianzisha: chumba kimoja, saa moja kwa wiki, na shughuli moja kila kikao. Mtandao wa Code Club, ulioanza Uingereza mwaka 2012, hutoa bure miradi iliyoandaliwa hatua kwa hatua kwa klabu za kujitolea, na msimamizi si lazima awe mtaalamu wa kompyuta.

Hatua ya 4: Toka nje: maktaba, makumbusho, vyuo, karakana

Maktaba ni mahali pa kwanza. Usiishie kwenye rafu za vitabu. Mwulize mkutubi kama wana vikao vya watoto, kompyuta za kutumia bure, au vifaa vya kuazimisha. Baadhi ya maktaba siku hizi huazimisha hata darubini na vifaa vya majaribio, lakini hazitangazi mlangoni.

Kisha chukua kalenda na uzungushie tarehe chache. 11 Februari ni siku ya kimataifa ya wanawake na wasichana katika sayansi. 14 Machi ni siku ya kimataifa ya hisabati. 18 Mei ni siku ya makumbusho duniani, na makumbusho mengi hufungua milango bure au kwa punguzo. Tarehe 4 hadi 10 Oktoba ni wiki ya anga za juu duniani. 10 Novemba ni siku ya sayansi kwa ajili ya amani na maendeleo, na mwezi Desemba huwa na wiki ya elimu ya kompyuta, ambamo kampeni ya Hour of Code, ya kujaribu kuprogramu kwa saa moja, ilizinduliwa mwaka 2013. Nini faida ya kuzijua? Karibu na tarehe hizi taasisi zinatafuta watoto wa kuwakaribisha. Ombi ambalo mwezi mwingine lingejibiwa “tutakufahamisha”, wiki hiyo hujibiwa “njooni Jumamosi”. Andika ombi lako wiki tano au sita kabla.

Vyuo vikuu na vyuo vya ufundi vina siku za wazi, maonyesho ya miradi ya wanafunzi, na klabu za wanafunzi wanaotafuta watoto wa kuwafundisha ili nao wajizoeze. Na usizisahau sehemu za kazi: kituo cha hali ya hewa, mtambo wa kusafisha maji, maabara ya hospitali, karakana ya magari, kituo cha redio. Mtoto aliyeona maji yanavyochujwa na kupimwa ana maswali ya mwaka mzima.

Ujumbe wa kuomba kutembelea uwe mfupi. Unaweza kuanza na huu:

“Habari za kazi. Mimi ni mzazi wa mtoto wa miaka 11 anayependa mambo ya umeme na sumaku. Ninaomba kujua kama idara yenu ina siku ya wazi, ziara ya maabara au klabu inayopokea watoto. Kama haipo, je, yupo mtu anayeweza kutupokea kwa dakika 30, siku inayowafaa ninyi? Tutakuja wawili, na mtoto ataandika maswali yake mapema. Ahsanteni.”

Ujumbe huu unataja umri, jambo mahususi, na ombi dogo lenye kikomo. Mtu mwenye shughuli nyingi hukataa ombi lisilojulikana litaishia wapi. Dakika 30 anaweza kuzipata. Usipojibiwa baada ya siku kumi, kumbusha mara moja kwa adabu, kisha jaribu kwingine. Mkirudi, mtoto mwenyewe aandike ahsante. Barua ya mtoto hubandikwa ukutani, na mara ya pili milango ni myepesi.

Hatua ya 5: Intaneti, kitu kimoja kwa wakati

Kosa la kawaida ni kupakua programu kumi na mbili siku moja. Chagua moja, ikae angalau mwezi.

Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 7 mwenye tableti, ScratchJr hutumia picha badala ya maneno, hivyo hata asiyejua kusoma anaweza kuipanga paka itembee. Kuanzia miaka 8, nenda kwenye Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na Media Lab ya chuo cha MIT, Marekani. Ni bure, ina toleo la kupakua linalofanya kazi bila intaneti, na lugha yake inaweza kubadilishwa kuwa Kiswahili. Jambo hilo si dogo: mtoto anapambana na fikra, hapambani na lugha.

Kwa fizikia, kemia na hisabati, hakuna kinachonifurahisha kama PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka uliotangulia. Ni maabara za kwenye skrini: unaunganisha waya na betri, unarusha mpira kwa pembe tofauti, unabadilisha joto la gesi na kuona chembe zinavyokimbia. Maabara kadhaa zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Mtoto ajaribu tochi ya kweli kwanza, kisha saketi ya PhET. Kwa mpangilio huo anaelewa kwamba picha inawakilisha kitu.

Pale ambapo intaneti ni ya shida, ulizia Kolibri. Ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality: masomo hupakuliwa mara moja kwenye kompyuta moja, na vifaa vingine vilivyo karibu huyasoma kutoka hapo bila intaneti. Shule au maktaba ikiiweka, watoto wengi wanafaidika.

Kwa anayependa viumbe, programu ya Seek humsaidia kutambua mimea na wadudu kwa kamera, na haidai afungue akaunti. Mkubwa kidogo anaweza kushiriki utafiti wa kweli kupitia Zooniverse, ambako watu wa kawaida huwasaidia wanasayansi kupanga picha za nyota, wanyama na nyaraka. Mradi wake wa awali, Galaxy Zoo, ulianza mwaka 2007, na mwaka huo huo mwalimu wa shule kutoka Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona doa la ajabu kwenye picha, akauliza ni nini. Hata wataalamu walikuwa hawajaliona. Simulia kisa hicho mezani.

Kabla ya kununua kifaa chochote cha vielektroniki, jaribu cha bure. Kibao kidogo cha micro:bit, kilichoanzishwa na BBC mwaka 2016 chenye taa 25, vitufe viwili na vihisio vya mwendo na joto, kina mfano wake kwenye tovuti ya MakeCode ambao mtoto anaweza kuuprogramu bila kuwa nacho. Akiuchezea wiki tatu na bado anauliza “lini tutanunua cha kweli?”, nunua. Asipouliza, umeokoa fedha.

Kuhusu usalama: huduma nyingi haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kufungua akaunti peke yake, kwa hiyo fungua kwa barua pepe yako na nenosiri ulijue. Jina la akaunti lisiwe jina lake kamili. Kifaa kitumike sebuleni. Akitumia roboti za mazungumzo za akili mnemba, sharti liwe moja: ajaribu mwenyewe kwanza, kisha aiulize, na jibu alihakiki kwingine, maana hukosea kwa kujiamini kweli kweli.

Hatua ya 6: Unapotaka kulipia darasa au kambi

Hapa ndipo fedha za wazazi hupotea, kwa hiyo nenda taratibu. Omba kikao cha majaribio, na uombe kukaa nyuma ya darasa hata dakika 20. Wakikataa kabisa, sababu iwe nzito.

Ukikaa, usimtazame mwalimu. Tazama mikono. Utakuta meza yenye watoto wanne na boksi moja la roboti. Mmoja, mara nyingi mkubwa au mwenye sauti, ndiye anayefunga skrubu na kushika kipanya. Wa pili anampa vipande. Wa tatu anachezea mfuniko wa boksi. Wa nne anaangalia dirishani. Mwisho wa kikao roboti inatembea, picha inapigwa wote wanne wakitabasamu, na wazazi wanne wanaambiwa mtoto wao ametengeneza roboti. Darasa zuri lina kifaa kimoja kwa watoto wawili, au lina utaratibu wa kubadilishana kazi unaouona ukifuatwa, saa ikitazamwa.

Tazama pia kinachotokea mtoto anapokosea. Mwalimu akimnyang'anya kibodi na kurekebisha mwenyewe, huo ni mwendo wa kuwahi kumaliza. Akiuliza “ulitegemea itokee nini?” kisha akasubiri, umepata mwalimu.

Baada ya hapo muulize msimamizi: Watoto wangapi kwa mwalimu mmoja? Kifaa kimoja kwa wangapi? Mtoto akimaliza ataondoka na nini anachoweza kunionyesha na kunieleza? Vifaa ni juu ya nani, na kikivunjika? Nikiacha katikati, fedha zinarudi? Nani huwa na watoto wakati wa mapumziko na safari za chooni, na wafanyakazi wamehakikiwaje? Anayekereka kwa swali la usalama wa watoto amekwisha kukujibu.

Cheti kisikubabaishe. Cheti cha kuhudhuria kinathibitisha kwamba mtoto alihudhuria.

Kama una binti, hesabu. Darasa lenye wavulana 15 na msichana mmoja linaweza kuwa zuri, ila atahitaji moyo mkubwa kubaki. Mtafutie mwenzake waingie wawili, au anza na mahali palipoandaliwa kwa ajili ya wasichana kama Technovation, ambako vikundi vya wasichana wa miaka 8 hadi 18 hutengeneza programu ya kutatua tatizo la jamii yao wakiwa na mshauri, bila ada. Na kama mtoto wako ana ulemavu, uliza mapema na kwa undani: meza ina urefu gani, maelekezo hutolewa kwa sauti tu au na kwa maandishi, kelele ni kiasi gani, nawe unaweza kuwepo kikao cha kwanza. “Tunapokea watoto wote” si jibu la swali hilo.

Hatua ya 7: Mashindano, kwa wakati wake

Mashindano yanamfaa mtoto aliyekwisha kupenda kitu. Asiyekipenda bado yanaweza kumfukuza. Ukiona kazi ya maonyesho ya sayansi imefanywa na baba usiku kucha, ujue mtoto amejifunza kwamba kazi yake haitoshi.

Pa kuanzia pazuri ni shindano la Bebras, lililoanza Lithuania mwaka 2004 na sasa liko katika nchi nyingi. Ni mafumbo mafupi ya kufikiri kama mwanakompyuta, hayahitaji kujua kuprogramu, na hufanywa kupitia shule. Kwa wapenda kujenga kuna mashindano ya roboti ya FIRST LEGO League na World Robot Olympiad, yote ya vikundi. Gharama kubwa huwa ni vifaa na safari, kwa hiyo uliza bajeti nzima ya msimu kabla ya kukubali, si ada ya kujiandikisha tu.

Olimpiadi za kitaaluma ni za wanafunzi wa sekondari: ya hisabati ilianza Romania mwaka 1959, ya fizikia Poland mwaka 1967, ya programu za kompyuta Bulgaria mwaka 1989. Kila nchi huchuja timu yake, wanafunzi sita kwa hisabati, watano kwa fizikia, wanne kwa kompyuta. Nafasi ni chache, ila maswali ya miaka iliyopita yako wazi kwenye tovuti zao. Mtoto anayepambana na swali moja la olimpiadi wiki nzima anapata faida kubwa hata asipofika kwenye mchujo wowote. Tena tarehe za kujiandikisha hutangulia mashindano kwa miezi mingi: mkiona picha za washindi mwaka huu, andikeni tarehe kwa ajili ya mwaka ujao siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Fedha, na wanaozitaka zako

Uliza punguzo hata kama halijaandikwa popote. Sema wazi: “Tungependa aje, ila ada yote hatuimudu, mna nafasi za ufadhili, au malipo kwa awamu, au kazi ya kujitolea ninayoweza kufanya badala yake?” Klabu nyingi huacha nafasi chache za namna hiyo na kuwapa wanaouliza.

Jihadhari na barua zinazosema mtoto wako “ameteuliwa” kwenda kongamano la vijana wenye vipaji nje ya nchi wakati hukuomba popote, halafu kinachofuata ni ankara ya safari. Jihadhari na mashindano ambayo kila aliyelipa ni mshindi, na ufadhili unaodai kwanza “ada ya kushughulikia fomu”. Mfadhili wa kweli hatoi fedha kwa kuanza kuzichukua. Kabla ya kulipa, tafuta jina la shirika pamoja na neno “utapeli”, angalia anayehusika ni nani na yuko wapi, na upige simu namba uliyoitafuta mwenyewe badala ya ile iliyo kwenye barua.

Hatua ya 9: Kuendelea, kubadili, kuacha

Kubalianeni mapema muda wa kujaribu, mathalani vikao sita, kisha mzungumze. Mtoto akisema anataka kuacha, tofautisha sababu. “Ni ngumu” huhitaji msaada. “Wananicheka” huhitaji wewe uende pale. “Inachosha” mara nyingi maana yake anatazama tu, kwa hiyo rudi ukaitazame mikono tena. Na pengine hapendi tu; aruhusiwe kuacha baada ya vikao vilivyokubaliwa, bila mahubiri.

Akifika mahali anakushinda, na wengi hufika kabla ya miaka 15, mtafutie mtu wa kumwuliza: mwanafunzi wa chuo, fundi, mhandisi mstaafu. Dakika 40 kila wiki mbili zinatosha. Mazungumzo yafanyike mahali penye watu au mbele yako, na ujumbe wa simu upite kwenye kundi ambalo nawe umo.

Muda wote huo weka folda, ya karatasi au ya kwenye simu. Kila mradi uwe na tarehe, picha mbili, na sentensi chache alizoandika mtoto mwenyewe: nilitaka kufanya nini, nini kilikataa, nilibadilisha nini. Picha ya kitu kilichoharibika iwemo. Miaka michache baadaye fomu ya ufadhili au ya kujiunga na shule itauliza “eleza jambo ulilolifanyia kazi kwa muda mrefu”, na kwa kuwa tarehe na maneno yake yapo, ataijaza mwenyewe.